Kadi inapobisha hodi: safari ya ishara ndogo zinazoendesha sauti, diski na intaneti ndani ya kompyuta

Waliocheza michezo ya kompyuta katika miaka ya 1990 wanaikumbuka kasoro hii. Mchezo unaanza, muziki unasikika kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha kipande hichohicho kinajirudia bila kukoma, kama santuri iliyokwaruzwa. Wengine walikumbana na kasoro ya pili: kimya kitupu, ingawa spika zimewashwa na kadi ya sauti imechomekwa sawasawa.

Fundi mzoefu hakuhitaji bisibisi ili kujua pa kuanzia. Kipande kinachojirudia kilimwambia kwamba kadi ya sauti inapata data, lakini ombi lake la kupewa data mpya haliifikii prosesa. Kimya kilimwelekeza kwingine: data yenyewe haitoki kwenye kumbukumbu kwenda kwenye kadi. Hizo ni njia mbili tofauti, zinazopita kwenye waya tofauti, na kwa takribani miaka 15 mtumiaji wa kawaida alilazimika kuzipanga kwa mikono yake mwenyewe. Leo hakuna anayekuuliza habari zake. Hata hivyo bado zipo, na moja kati ya hizo ndiyo inayomwezesha mtu mwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kusoma yaliyomo kwenye kompyuta yako wakati skrini imefungwa.

Hodi badala ya kuchungulia mlangoni

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu na kutekeleza amri za programu. Kibodi, diski, modemu na kadi ya sauti ni vifaa vya pembeni, na vyote vina tabia moja: haijulikani lini vitahitaji huduma. Mtu anaweza kubonyeza herufi sasa hivi au baada ya saa nzima.

Njia rahisi ni prosesa kuzunguka na kuuliza: kibodi, una kitu? Modemu, una kitu? Ni kama mpishi anayeacha chungu kila dakika ili akaangalie kama mgeni amefika. Mgeni huenda asije leo, na wali utaungua. Njia ya pili ni ile tunayoitumia majumbani mwetu. Mpishi anaendelea na kazi yake, na mgeni akifika anabisha hodi.

Katika kompyuta, hodi hiyo ni ishara ya umeme inayoikatiza prosesa katikati ya kazi. Kwenye vitabu vya maelekezo na maboksi ya kadi iliandikwa kwa herufi tatu, IRQ, ikifuatiwa na namba.

Kisa tunachokifahamu vizuri zaidi kinaanza tarehe 12 Agosti 1981, siku kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel 8088 iliyokwenda kwa kasi ya megahezi 4.77, na nafasi tano za kuchomeka kadi za nyongeza. Kila nafasi ilikuwa na pini 62, na pini zenye jina moja ziliunganishwa pamoja katika nafasi zote. Mafundi waliiita njia hiyo ya pamoja basi. Neno hilo lina asili moja na basi la abiria: omnibus la Kilatini, maana yake kwa ajili ya wote.

Kati ya pini hizo 62, sita tu zilikuwa za hodi, IRQ2 hadi IRQ7. Namba 0 na 1 hazikufika kwenye kadi kabisa. Moja ilikuwa ya saa ya ndani na nyingine ya kibodi, na zote mbili zilibaki kwenye ubao mkuu.

Bawabu na daftari lake

Kadi ikitaka huduma, inapandisha volti kwenye waya wake. Waya huo unaishia kwenye chipu iitwayo 8259. Tuiite bawabu. Bawabu anaangalia kwanza kama ameruhusiwa kuipokea hodi hiyo, kwa sababu programu inaweza kumwagiza aupuuze mlango fulani. Kisha anaangalia kama hakuna mgeni mwenye cheo kikubwa zaidi anayehudumiwa. Cheo hufuata namba: 0 ndiyo ya juu kabisa, 7 ndiyo ya mwisho. Ndiyo maana saa ilipewa 0. Kwenye kompyuta hizi ilibisha hodi takribani mara 18.2 kila sekunde, na kila hodi iliyopotea ilimaanisha saa kubaki nyuma.

Bawabu akiridhika, anaishtua prosesa. Prosesa inamaliza amri moja iliyo mkononi, inaandika pembeni mahali ilipofikia, kama msomaji anayekunja pembe ya ukurasa, kisha inamuuliza bawabu: ni nani? Bawabu anaipa namba. Kwa namba hiyo prosesa inafungua orodha iliyopo mwanzoni kabisa mwa kumbukumbu, baiti 1,024 zenye nafasi 256, na humo inakuta anwani ya programu fupi iliyoandikwa kwa ajili ya kifaa hicho. Inaitekeleza, inarudi kwenye ukurasa uliokunjwa, na programu iliyokatizwa haina habari kwamba iliwahi kuachwa.

Kuna hatua moja ndogo ambayo imewatesa waandishi wengi wa programu. Kabla ya kurudi, programu fupi lazima imwambie bawabu kwamba mgeni amekwisha kuhudumiwa. Ikisahau, bawabu anaendelea kuamini kwamba mgeni bado yuko ndani, na anawazuia wengine wote wa cheo hicho na wa chini yake. Mtumiaji anachokiona ni kompyuta iliyoganda.

Kasi nayo ina sheria zake. Chukua modemu ya miaka ya 1990 inayopokea biti 28,800 kwa sekunde. Kila herufi husafiri kwa biti 10 hivi, kwa hiyo herufi 2,880 zinaingia kila sekunde, moja kila baada ya sekunde 0.00035. Chipu za zamani za mawasiliano zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi herufi moja tu. Prosesa ikichelewa kuitikia hodi, herufi inayofuata inaifuta ile ya kwanza, na faili lililokuwa likipakuliwa linaharibika au kipande chake kinaombwa tena, huku gharama ya simu ikipanda. Chipu ya 16550 ilipoleta nafasi ya herufi 16, nafuu ilikuwa kubwa kuliko ukubwa wa badiliko lenyewe. Kwa maoni yangu ni moja ya marekebisho yaliyotoa faida kubwa kwa gharama ndogo kabisa katika historia ya kompyuta binafsi.

Hamali anayebeba bila kuuliza

Hodi inafaa kwa herufi za kibodi. Kwa sauti haitoshi. Sauti yenye ubora wa CD ni vipimo 44,100 kila sekunde, kwa spika mbili, na kila kipimo ni baiti mbili. Zidisha: baiti 176,400 kila sekunde. Kama kadi ingebisha hodi kwa kila kipimo, prosesa ingekatizwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila mara ingelazimika kukunja ukurasa, kutafuta anwani, kuhamisha baiti chache, na kurudi. Prosesa za wakati ule zisingefanya kingine chochote.

Ufumbuzi ni kumwajiri hamali. Mwenye duka hatoki ofisini kubeba magunia. Anamwambia hamali: yatoe magunia haya kutoka chumba namba fulani, idadi yake ni hii, yapeleke pale, ukimaliza niambie. Halafu anarudi kwenye hesabu zake. Ndani ya kompyuta ya IBM hamali huyo alikuwa chipu ya 8237, na kazi yake iliitwa kwa kifupi DMA, yaani kufikia kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa.

Hamali huyu alikuwa na njia nne, na kila njia ya kadi ilikuwa na waya wa kuomba na waya wa kujibiwa. Kadi yenye mzigo inainua waya wa kuomba. Hamali anaiomba prosesa iiachie njia kuu, nayo inasimama kwa muda mfupi. Hamali anatoa anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, anainua ishara maalumu inayoziambia kadi nyingine zisidhani kwamba anwani hiyo inazihusu, kisha anaijibu kadi. Baiti inapita moja kwa moja kati ya kadi na kumbukumbu, bila kuigusa prosesa. Hesabu inapungua kwa moja. Ikifika mwisho, ishara nyingine inatangaza kwamba mzigo umekwisha.

Kati ya njia hizo nne, moja haikuwa ya kadi yoyote. Kumbukumbu za aina ile huhifadhi data kama chaji ndogo ndogo za umeme zinazovuja, na lazima zisomwe tena na tena ili zisipotee. IBM ilimpa hamali kazi hiyo kwenye njia namba 0, akiamshwa na saa takribani mara 66,000 kila sekunde. Kwa maneno mengine, kompyuta ile isingekumbuka chochote bila DMA. Njia namba 2 ilichukuliwa na diski laini. Zilizobaki mbili ziligombewa na kila kitu kingine, na kompyuta za baadaye zenye diski kuu zilichukua namba 3.

Hamali alikuwa na mapungufu yake. Chipu yenyewe iliweza kuhesabu anwani hadi 65,536 tu. Sehemu ya juu ya anwani ilihifadhiwa kwenye rejista ya pembeni ambayo haikubadilika wakati wa kazi. Kama eneo la data lingevuka mpaka wa kilobaiti 64, hamali hakuendelea mbele. Alirudi mwanzo wa kilobaiti zilezile 64 na kuendelea kumwaga mzigo hapo, juu ya data ya mtu mwingine. Hakuna aliyemuuliza chumba kile ni cha nani. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kwa nini santuri ilikwaruzika

Sasa tunaweza kuirudia ile kasoro ya mwanzo.

Kadi ya sauti iliyotawala enzi ile, Sound Blaster, ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo. Toleo la Sound Blaster 16 la mwaka 1992 liliweza kutoa sauti ya ubora wa CD. Programu ilitenga eneo la kupokezana, tuseme kilobaiti 32, na kuligawa nusu mbili. Hamali anasomba nusu ya kwanza huku programu ikiijaza ya pili. Nusu moja ikiisha, kadi inabisha hodi: nijazie hii. Kila nusu ni baiti 16,384, sawa na sekunde 0.09 za sauti. Badala ya hodi 44,100 kwa sekunde, zinatosha 11.

Tazama kinachotokea hodi hiyo ikienda kwenye mlango usio na mtu. Programu haijui kwamba nusu imeisha, kwa hiyo haijazi kitu. Hamali haijui habari hiyo wala haimhusu. Yeye ameambiwa afike mwisho, arudi mwanzo, aendelee. Anazunguka, na spika zinarudia kipande kilekile, ambacho urefu wake wote ni kama moja ya tano ya sekunde. Hiyo ndiyo santuri iliyokwaruzwa. Na kama namba ya njia ya DMA ndiyo iliyokosewa, kadi inainua waya wa kuomba ambao hakuna hamali anayeutazama. Kimya.

Namba hizo zilipangwa na nani? Na wewe. Kwenye kadi kulikuwa na pini ndogo na vifuniko vya plastiki vilivyoitwa jampa. Ulihamisha jampa kwa kibano au kwa kucha ili kuchagua IRQ 5 au 7, DMA 1 au 3. Halafu uliandika kwenye faili la kuwashia kompyuta mstari kama huu: SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6. I5 ni hodi namba 5, D1 ni njia ya hamali kwa sauti ya biti 8, H5 ni njia yake kwa sauti ya biti 16. Wapo watu wazima leo ambao wamesahau namba ya simu ya nyumbani kwao lakini mstari huo wanaukumbuka.

Ugomvi wa milango

Kwa nini kadi mbili zisitumie hodi moja? Sababu ni ya kiumeme, na inafaa kuielewa kwa sababu ndiyo iliyozaa matatizo yote.

Bawabu wa IBM alisikiliza kupanda kwa volti, si kiwango chake. Fikiria kengele inayolia mara moja tu kidole kinapoigusa, na hailii tena mpaka kidole kiondolewe. Mgeni wa kwanza ameshika kitufe. Wa pili anaweka kidole chake juu ya cha kwanza. Kengele hailii. Mgeni wa pili anasubiri nje, na hakuna anayejua kwamba yupo. Zaidi ya hapo, kadi nyingi zilishikilia waya wao chini kwa nguvu wakati hazina la kusema. Nyingine ikijaribu kuupandisha, kadi mbili zinavutana kwa umeme, na ishara inayomfikia bawabu haieleweki.

Mwezi Agosti 1984 IBM ilileta modeli ya AT, ikiwa na bawabu wa pili na hamali wa pili. Sasa kulikuwa na hodi 15 zinazotumika na njia saba za DMA. Bawabu wa pili hakuwa na mlango wake wa kufika kwa prosesa. Alipitia kwenye mlango namba 2 wa bawabu wa kwanza, na kadi zilizokuwa zikitumia namba 2 zikahamishiwa 9 bila kubadilisha pini. Basi hili ndilo lililokuja kuitwa ISA, jina lililotungwa mwaka 1988 na kundi la watengenezaji lililoongozwa na Compaq.

Hodi 15 zinasikika nyingi mpaka uanze kuzigawa. Saa, kibodi, bandari za mawasiliano, printa, diski laini, diski kuu, kila kimoja kilikuwa na chake. Bandari za mawasiliano zilikuwa nne kwa jina, lakini ya kwanza na ya tatu zilitumia IRQ 4, ya pili na ya nne IRQ 3. Mtu mwenye kipanya kwenye bandari ya kwanza alinunua modemu, akaiweka kwenye ya tatu kwa sababu ilikuwa wazi, na kila kitu kilifanya kazi vizuri hadi alipopiga simu. Hapo kipanya kiliganda. Alipokata simu, pengine kilizinduka. Wengi walirudisha modemu dukani wakidai ni mbovu. Modemu ilikuwa nzima.

Jambo la kushangaza ni kwamba kwenye AT diski kuu iliacha kumtumia hamali. Prosesa mpya ya 80286 iliweza kusomba data ya diski haraka kuliko chipu ya DMA, ambayo ilienda kwa kasi ndogo kuliko prosesa yenyewe. Mwenye duka alikuwa amekua na nguvu, hamali alibaki vilevile. Kwa hiyo hamali wa ISA aliishi miaka yake ya mwisho akihudumia diski laini na kadi za sauti. Na hakuweza kuvuka megabaiti 16 za kwanza za kumbukumbu, kwa sababu anwani zake ziliishia hapo. Kompyuta zilipopata megabaiti 32 na 64, mifumo ya uendeshaji ilitenga sehemu ya chini kwa ajili yake na kunakili data kutoka hapo kwenda juu. Mfumo wa Linux uliendelea kulitenga eneo hilo kwa miongo kadhaa.

Kutoka waya hadi ujumbe

Basi la PCI, lililotolewa na Intel mwaka 1992, lilimwondoa hamali wa pamoja. Kila kadi iliweza kuomba njia kuu na kubeba mzigo wake yenyewe. Hodi nazo zilibadilika: waya nne tu, lakini wa kushirikiana. Hapa bawabu alisikiliza kiwango cha volti. Mradi kuna kidole kimoja kwenye kitufe, kengele inaendelea kulia. Prosesa ikimhudumia mgeni mmoja na kengele bado inalia, inajua kuna mwingine.

Gharama yake ni uaminifu. Hodi ikisikika kwenye waya wa pamoja, draiva ya kila kadi inaulizwa: ni wewe? Draiva mbaya inayojibu uongo, au kadi isiyoacha kulia, inawaharibia majirani zake wote. Wanaotumia Linux huenda wamewahi kuona ujumbe unaosema kwamba hakuna aliyeijali hodi fulani, na mfumo umeamua kuufunga mlango huo.

Kulikuwa na tatizo jingine la hila. Waya wa hodi na njia ya data ni barabara mbili tofauti. Kadi inatuma data, kisha inabisha hodi, na hodi inaweza kufika kabla ya data, ambayo bado imekwama kwenye daraja kati ya mabasi mawili. Prosesa inafungua ghala na kukuta gunia halijafika. Ufumbuzi ulioingizwa kwenye toleo la 2.2 la PCI, mwishoni mwa miaka ya 1990, ni mzuri kwa urahisi wake: hodi yenyewe iwe data. Kadi inaandika namba fulani kwenye anwani maalumu, na maandishi hayo yanaeleweka kuwa hodi. Kwa kuwa yanafuata barabara ileile nyuma ya mzigo, hayawezi kuutangulia. Kwenye PCI Express, ambayo imo katika kompyuta za leo, waya wa hodi haupo tena kabisa. Kuna ujumbe tu, na kifaa kimoja kinaweza kuwa na hodi zake hadi 2,048. Diski za kisasa hutumia nafasi hiyo kukipa kila kiini cha prosesa foleni na hodi yake.

Halafu historia ikageuka nyuma kidogo. Kadi za mtandao ziliongeza kasi mpaka hodi zenyewe zikawa mzigo: prosesa ilishinda ikifungua mlango bila kupata muda wa kuwahudumia waliokwisha kuingia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Linux inaipokea hodi ya kwanza, inaifunga kengele, na kuanza kuchungulia mlangoni mwenyewe hadi foleni iishe. Mpishi amerudi mlangoni, lakini safari hii ana uhakika kwamba wageni wapo.

Sisi wa redio bado tunaishi na hesabu zilezile. Programu ya kurekodi inapokuuliza ukubwa wa bafa, inauliza urefu wa lile eneo la kupokezana. Vipimo 128 kwa kasi ya kilohezi 48 ni sekunde 0.0027 tu. Msemaji anajisikia kwenye vipokea sauti bila kuchelewa, lakini prosesa ikishikwa na draiva nyingine kwa muda mrefu kuliko huo, sauti inapasuka. Vipimo 1,024 vinatoa nafasi ya sekunde 0.02, salama zaidi kwa kurusha muziki. Ukisikia mikwaruzo wakati wa kurekodi, jaribu kuzima Wi-Fi kabla ya kulaumu maikrofoni. Mara nyingi draiva ya Wi-Fi ndiyo inayokaa mlangoni muda mrefu.

Ufunguo wa ghala mikononi mwa mgeni

Tulisema hamali hakuulizwa chumba ni cha nani. Ndani ya boksi la chuma lililofungwa kwa skrubu, hilo halikuwa tatizo. Anayeweza kuchomeka kadi tayari ameshafungua kompyuta yako.

Mambo yalibadilika njia hiyo ilipotolewa nje ya boksi. Bandari ya FireWire iliruhusu kifaa cha nje kusoma na kuandika kumbukumbu moja kwa moja, na katikati ya miaka ya 2000 watafiti walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kusomwa kupitia hapo. Mwaka 2011 ikaja Thunderbolt, ambayo kwa hakika ni PCI Express kwenye kebo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Marekani walichapisha utafiti walioupa jina la Thunderclap, wakionyesha kifaa cha bandia kinachojifanya kadi ya mtandao. Mwaka 2020 Björn Ruytenberg wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, alitangaza Thunderspy: kwa dakika chache akiwa na kompyuta mkononi, mshambulizi aliweza kuivuka skrini iliyofungwa kwa nywila, hata kama diski imesimbwa. Sababu ni kwamba kompyuta iliyolala bado inaendesha kumbukumbu yake, na ufunguo wa kusimbua diski umo humo.

Kinga yake ni chipu nyingine kati ya vifaa na kumbukumbu, msimamizi wa ghala mwenye orodha. Kila kifaa kinaruhusiwa vyumba vilivyoandikwa kwa jina lake, na kikijaribu kingine kinazuiwa. Prosesa nyingi zimekuwa na uwezo huo kwa zaidi ya miaka 10, ila mifumo ya uendeshaji ilichelewa kuutumia kikamilifu dhidi ya vifaa vya nje. Windows ilianza mwaka 2018, na ni kwa kompyuta ambazo mtengenezaji ameziandaa tangu kiwandani.

Hilo linamgusa anayenunua kompyuta mpakato iliyotumika, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, na linamgusa zaidi mwandishi wa habari au wakili anayebeba majina ya watu waliomwamini. Kwenye Windows, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia na ubonyeze Enter, kisha tafuta mstari wa Kernel DMA Protection. Ukisoma On, msimamizi yupo kazini. Ukisoma Off na kompyuta ina bandari ya Thunderbolt, ambayo hutambulika kwa alama ya radi ndogo, angalia kwenye mipangilio ya BIOS kama unaweza kuizima bandari hiyo. Na ukiiacha kompyuta hotelini, izime kabisa badala ya kuilaza.

Ukiwa bado kwenye Windows, fungua Device Manager na uchague kupanga vifaa kwa aina ya rasilimali, kisha panua sehemu ya hodi. Vifaa vipya vya PCI Express vina namba hasi, kwa sababu hawana waya wowote wa kuhesabiwa. Lakini kwenye kompyuta nyingi bado utaikuta saa ya mfumo kwenye namba 0, na kibodi kwenye namba 1, palepale zilipowekwa mwaka 1981.